Jon Postel: Aliyetuwezesha kuchagua programu ya barua pepe

Mnapotuandikia barua pepe, mmoja wenu hutumia simu ndogo, mwingine kompyuta ya ofisini, na barua zote zinafika. Hakuna anayelazimika kutuuliza kwanza tunatumia programu gani. Kwa uhuru huo tuna deni kwa Mmarekani mmoja mwenye ndevu ndefu aliyependa kuvaa ndala hata kazini: Jon Postel.

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, jimboni California. Mwaka 1969 alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, mahali ilipofungwa kompyuta ya kwanza ya ARPANET, mtandao uliokuja kuzaa intaneti. Wanafunzi hao walikuwa wakiandika mapendekezo yao kwenye hati zilizoitwa RFC. Postel akawa mhariri wa hati hizo, kazi aliyoifanya hadi alipofariki.

Wakati huo barua pepe ilikwishakuwepo. Kilichokosekana ni utaratibu mmoja rahisi ambao kompyuta zote zingeufuata. Agosti 1982 Postel alitoa hati ya RFC 821, yenye kanuni inayoitwa SMTP. Kompyuta inayotuma husalimu, hutaja mtumaji, hutaja mpokeaji, kisha hutoa barua yenyewe na kumaliza kwa nukta iliyo peke yake kwenye mstari. Ni maneno matupu, ambayo hata mtu angeweza kuyaandika mwenyewe kwa kibodi.

Kwa kuwa kanuni hiyo haikuwa siri wala mali ya kampuni, yeyote aliweza kutengeneza programu yake. Wanaofanya kazi kwenye skrini isiyo na picha, kwa kuandika amri tu, walipata za kuchagua. Pine, kutoka Chuo Kikuu cha Washington, ilimfaa mgeni, kwani chini ya skrini ilimwonyesha kitufe cha kubonyeza. Mutt, iliyotoka mwaka 1995, iliwafaa wenye barua nyingi na waliotaka kupanga kila kitu wenyewe. Zote mbili ni nyepesi, hivyo hufaa pale mtandao unapokuwa dhaifu. Aliyechagua Pine na aliyechagua Mutt waliandikiana bila shida.

Postel pia ndiye aliyetunza orodha ya majina ya mtandao. Herufi .ke za Kenya, .tz za Tanzania na .ug za Uganda zilipitia mikononi mwake. Alifuata orodha ya kimataifa iliyokwishakuwepo, ili asiwe yeye wa kuamua ipi ni nchi na ipi siyo.

Lakini je, mtu mmoja abebe mamlaka makubwa hivyo? Mwishoni mwa Januari 1998 aliwaomba waendeshaji wa kompyuta 8 kati ya zile kuu za majina wachukue orodha kutoka kwake, badala ya ile iliyokuwa chini ya mkataba wa serikali ya Marekani. Walimtii. Serikali ilimtaka arudishe mambo yalivyokuwa, naye akarudisha, akieleza kwamba lilikuwa jaribio tu. Septemba mwaka huohuo shirika la ICANN liliundwa kuchukua jukumu hilo. Postel alifariki tarehe 16 Oktoba 1998 baada ya upasuaji wa moyo, akiwa na umri wa miaka 55.

Kazi yake haikukosa kasoro. Kanuni ya 1982 ilimwamini mtumaji bila kumhakiki, kwani watumiaji walikuwa wachache na wengi walifahamiana. Matapeli waliingia kwa mlango huo, na kinga zilizoongezwa baadaye hazijauziba kabisa. Kwa hiyo barua ikidai imetoka benki na kukuomba namba ya siri, usijibu, hata kama jina la mtumaji unalifahamu. Lakini programu ya kuisomea barua hiyo bado unaichagua mwenyewe.