Muindi Mbingu: Msee Aliyekataa Ng'ombe za Watu Wake Zibebwe na Serikali

Kila siku maelfu ya watu hupita Muindi Mbingu Street pale tao Nairobi, karibu na City Market, na wengi hawajui huyo msee alikuwa nani. Sasa skia stori yake.

Rudi nyuma hadi 1938, Machakos. Wakoloni walikuwa washanyakua malisho poa ya Wakamba, kama pale Milima ya Mua, wakapea masetla. Ng'ombe zikabanana kwa sehemu ndogo, nyasi ikaisha, udongo ukaanza kubebwa na maji. Badala ya kurudisha ardhi, serikali ikasema shida ni ng'ombe kuwa wengi sana. Kila mtu akawekewa kiwango, na zenye zimezidi zinashikwa zinauzwa. Yote kwa sheria, na karatasi juu.

Cheki hii pia: wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kilihitaji ng'ombe za bei ya chini. Jumlisha mwenyewe.

Huko Ngelani watu walikataa kuuza. Maafisa wakakuja na askari, wakabeba karibu ng'ombe 2,500. Kwa Mkamba wa siku hizo, ng'ombe ilikuwa benki, ilikuwa mahari, ilikuwa akiba ya siku ya njaa. Mvuvi wa Muhuru Bay ama Mbita mwenye nyavu zake zishawahi shikwa anajua hiyo uchungu. Hawabebi kitu tu, wanabeba chakula ya kesho.

Hapo ndio Muindi Mbingu akajitokeza. Yeye na wenzake walikuwa na chama, Ukamba Members Association, na wakaamua hii maneno itaenda kwa gavana mwenyewe. Mwisho wa Julai, wanaume, wanawake na watoto wakapiga mguu kutoka Machakos hadi Nairobi, kama kilomita 60. Wakapiga kambi Kariokor. Hawakurusha mawe. Walikaa tu hapo, karibu wiki sita, wakisema hawatoki mpaka gavana Brooke-Popham awaskize.

Gavana alijaribu kuwapuuza, ikashindikana. Mwishowe akakubali kuenda Machakos kuongea na watu. Lakini mkoloni hakutaka ionekane ameshindwa na wafugaji. Mwezi wa Septemba Muindi alishikwa, akatupwa Lamu, mbali kabisa na boma yake, na akakaa huko miaka.

Walidhani wakimtoa, maneno imeisha. Haikuisha. Watu walizidi kugoma, na kabla 1938 iishe serikali ilikuwa imeachana na kulazimisha watu kuuza mifugo. Ng'ombe zilikuwa zimeokolewa, lakini mwenye aliongoza vita alikuwa bado amefungiwa pwani.

Alirudi nyumbani baadaye, na mwaka wa 1953, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari, akauawa. Uhuru ulikuwa umebakisha miaka kumi tu, na hakuuona.

Kitu ya kubeba hapa ni moja. Sheria ikiandikwa na mwenye ananufaika, karatasi haifanyi wizi kuwa haki. Na watu wa kawaida wakikataa wakiwa pamoja, hata gavana hushuka. So next time uko kwa hiyo street, ukikwepa mikokoteni na makanjo, kumbuka jina si ya bure.