Ngei akihama, kura zinahama

Huku Machakos ukimtaja Paul Ngei, wazee wanakumbuka Kapenguria: alishikwa 1952 pamoja na Kenyatta, akafungwa. Heshima hiyo aliilipia, sibishi. Mimi hukwama kwa 1962. Jamaa anatoka KANU, anaunda chama chake, APP. Mei 1963 kinapata viti 8 bungeni. Mwaka haujaisha, amerudi KANU, na wafuasi wako nyuma yake tu. Sasa walikuwa wamepigia kura sera gani? 1975 mahakama ikampata na kosa la uchaguzi. Bunge likabadilisha katiba ili Kenyatta aweze kumsamehe, naye akarudi bungeni. Kiti kilimtoka 1990 kwa kufilisika, si kwa kura. Alifariki 2004.