Raman na Swali la Rangi ya Bahari

Walimu wengi wa fizikia hulitaja jina la Raman pamoja na kanuni yake, kisha huendelea na somo. Sisi twaona afadhali kuanza na maisha yake, hasa katika shule zisizo na maabara kamili.

Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa tarehe 7 Novemba 1888 huko Tiruchirappalli, kusini mwa India. Mwaka 1907 aliajiriwa katika idara ya fedha ya serikali huko Calcutta. Lakini kabla ya saa za kazi na baada yake alifanya majaribio katika jumba la chama cha wanasayansi. Mwaka 1917 alikiacha cheo hicho, akawa profesa kwa mshahara mdogo zaidi.

Mwaka 1921, akirejea kutoka Uingereza kwa meli, aliitazama Bahari ya Mediterania akajiuliza sababu ya ubuluu wake. Wataalamu walishika kwamba bahari huakisi tu rangi ya anga. Raman alitazama kwa mche mdogo uzuiao mwanga ulioakisiwa, ubuluu ukabaki. Kumbe maji yenyewe hutawanya mwanga!

Swali hilo lilimshughulisha miaka saba. Yeye na mwanafunzi wake, K. S. Krishnan, walipitisha mwanga wa zambarau katika vimiminiko vipatavyo 60, wakatazama kwa kichujio cha kijani kilichopaswa kuuzuia wote. Mwanga hafifu ukaonekana: sehemu ndogo ilikuwa imebadilika rangi kwa kubadilishana nishati na molekyuli. Ugunduzi huo ulikamilika tarehe 28 Februari 1928, ukamletea Raman Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Krishnan hakushirikishwa, jambo ambalo sisi twalisikitikia. Raman alifariki Bangalore tarehe 21 Novemba 1970.

Mwalimu wa Baray, wilayani Karatu, asiye na spektroskopi, aweza kuwapeleka wanafunzi Ziwa Eyasi, awaulize juu ya rangi ya maji, wala asiwajibu upesi. Kisha awaonyeshe penseli. Risasi yake ina grafiti, madini yapatikanayo Mererani; na tabaka moja la grafiti, lenye unene wa atomu moja, ndilo grafini, iliyotengwa Manchester mwaka 2004. Ubora wa grafini iliyotengenezwa hupimwa kwa leza na njia ya Raman. Katika mchoro wake, kilele kilicho karibu na 1580 kwa sentimita huonyesha kaboni iliyopangika. Cha 1350 huonyesha kasoro. Cha 2700 husaidia kukadiria idadi ya tabaka. Wanafunzi wachore ubaoni michoro miwili, walinganishe kilele cha kasoro na kile cha kaboni, waamue ni grafini ipi ikataliwe.