Mtakatifu Yohane wa Damasko, Mtetezi wa Picha Takatifu

Katika nyumba za Wakatoliki, toka vilima vya baridi vya Njombe hata njia panda ya Makambako, aghalabu pana picha ya Bikira Maria au ya mtakatifu msimamizi. Lakini wako waionao haya mgeni asiye Mkatoliki abishapo hodi, wakiogopa kuitwa waabudu sanamu. Kwa ajili yao twasimulia leo habari za Mtakatifu Yohane wa Damasko.

Yohane alizaliwa Damasko katika karne ya 7, katika jamaa ya Kikristo yenye cheo. Nchi ilitawaliwa na Waarabu Waislamu, na baba yake alisimamia fedha za Khalifa. Yohane aliacha mali na heshima ya dunia, akawa mmonaki karibu na Yerusalemu, akapewa upadre.

Siku zile Kaisari Leo wa Tatu wa Konstantinopoli alipiga vita picha takatifu, na mwaka 730 Patriarka Jermano, aliyekataa kumfuata, alitoka katika kiti chake. Ndipo Yohane alipoandika vitabu vitatu vya kuzitetea. Mkono wa Kaisari haukumfikia, maana aliishi katika milki ya Khalifa. Alifundisha kwamba Mungu asiyeonekana hawezi kuchorwa. Bali Mwana alipotwaa mwili alionekana kwa macho, hivyo uso wake waweza kuchorwa. Tena kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Heshima ipewayo picha humwendea aliyechorwa.

Alifariki yapata mwaka 749 bila kuuona ushindi. Mwaka 754 maaskofu waliokusanywa na Kaisari Konstantino wa Tano walimlaani. Lakini mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nisea uliyathibitisha mafundisho yake, na mwaka 843 picha zikarudishwa kwa daima. Tangu hapo makanisa ya Bizanti yalipambwa kwa utaratibu: Kristo juu kwenye kuba, Mama yake juu ya altare, nao watakatifu kwenye kuta za chini, karibu na waamini, wakiwatazama usoni, majina yao yameandikwa kando.

Bara letu nalo lilishiriki. Huko Faras, katika Nubia, wataalamu wa Poland walifukua kati ya 1961 na 1964 kanisa kuu lenye picha zaidi ya 100, kabla maji ya bwawa la Aswan hayajalifunika. Mojawapo yamwonyesha Askofu Petros, Mnubi mweusi, na Mtume Petro amesimama nyuma yake akimlinda.

Mwaka 1890 Papa Leo wa Kumi na Tatu alimtangaza Yohane kuwa Mwalimu wa Kanisa. Sikukuu yake ni tarehe 4 Desemba.

Basi, wazazi Wakristo, mgeni akibisha hodi, picha na ibaki mahali pake. Akiuliza, mtoto wenu na aweze kumjibu kwa upole ni nani yule, na aliishije. Na jioni nyumba nzima ipige magoti mbele yake na kusali. Maana picha isiyotukumbusha sala ni pambo tu la ukuta, wala haikuwa kwa ajili ya pambo kwamba Yohane alilaaniwa.