Gor Mahia: Mtu Kabla ya Timu

Wapo wafu ambao majina yao hutajwa na jamaa zao peke yao, siku ya kuzuru makaburi au siku ya hitima. Na wapo wachache ambao majina yao huitwa na maelfu ya watu wasiojua hata walizikwa wapi. Gor Mahia ni mmoja wa hao wachache. Kila timu yenye jina lake inaposhuka kutoka bara kuja kucheza Mombasa, vijana huliimba jina hilo mabarabarani. Na ukimwuliza mmoja wao Gor ni nani, atakutajia mlinda lango na washambuliaji. Mtu mwenyewe amefunikwa na jina lake.

Jina lake kamili ni Gor wuod Ogada. Neno wuod kwa Kijaluo ni sawa na bin kwetu sisi, kwa hivyo tungemwita Gor bin Ogada. Alikuwa mtu wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Homa Bay. Aliishi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini, yaani aliiona nchi kabla ya Mzungu, na akamwona Mzungu alipokuja. Mahia si jina la baba yake wala la ukoo wake. Ni lakabu yenye maana ya miujiza au mazingaombwe, aliyopewa kwa sababu ya uganga wake.

Msomaji wa pwani hana haja ya kushangaa. Kwetu pia wako waganga waliosifiwa kuliko masultani, na wako wazee waliosemekana kutokea hapa na pale kwa wakati mmoja. Wasimulizi wa Kanyamwa husema kwamba Gor aliweza kujigeuza umbo. Adui au askari waliokuja kumtafuta, walimkuta mtu mwingine kabisa ameketi mahali pake. Sisi tuliokaa chuoni tunajua mwenye uwezo ni nani, wala hatuna haja ya kuyasadiki hayo. Lakini mwenye busara hujiuliza kwa nini watu wamependa kumsimulia hivyo, wala si vinginevyo.

Jibu liko katika zama zake. Gor hakuwa mganga tu, alikuwa ruoth, yaani mtawala wa watu wake. Mwingereza alipoingia pande zile, alijenga kituo chake Karungu, kando ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Mdachi. Baadaye makao ya serikali yakahamishiwa Kisii. Watawala wa kienyeji wakawa na njia mbili: kupigana na bunduki kwa mikuki, au kukubali kuitwa chifu na kukusanya kodi kwa niaba ya mgeni. Gor aliingia katika daftari la machifu, na bado watu wake wakaendelea kumwona kuwa ni wao. Mtu anayetumikia mabwana wawili bila ya kumezwa na mmoja, bila shaka ataitwa mwenye kujigeuza.

Wakati huo huo nchi yake nayo ilikuwa ikigeuzwa majina. Ziwa ambalo Wajaluo waliliita Nam Lolwe lilikuwa limekwisha pewa jina la malkia wa Uingereza. Wenyeji wote wa pande zile, Wajaluo na Waluhya, walitiwa katika jina moja la Kavirondo, jina ambalo wao wenyewe hawakujichagulia. Baadaye likaja jina la Nyanza, neno la Kibantu lenye maana ya ziwa, ilhali Mjaluo huliita ziwa nam. Ndiyo kusema mtu wa Homa Bay alizaliwa katika wilaya ambayo jina lake si la lugha ya mama yake.

Sasa tuje kwenye vilabu. Mwingereza popote alipokaa alijenga klabu yake. Hapa kwetu Mombasa Club ilianzishwa mwaka 1897, karibu na Ngome ya Yesu, mahali pa Wazungu kukutana na Wazungu wenzao. Wahindi na Wagoa nao walikuwa na vyao. Basi Mjaluo aliyetoka kwao kwenda kufanya kazi bandarini Kilindini, au katika reli Nairobi, au Kampala, alikuta mji uliogawanywa kwa vilabu na yeye hana mlango wa kuingia. Luo Union ilikuwa mlango huo. Ilitoa msaada wa maziko, ilisafirisha maiti kwenda nyumbani, ilikusanya fedha za elimu. Katika miaka ya 1950 kiongozi wake alikuwa Jaramogi Oginga Odinga. Na katika chama hicho ikazaliwa timu ya mpira iliyochukua jina lake, ikatwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1964. Mwaka uliofuata ubingwa ulikuja kwetu, kwa timu ya Feisal ya Mombasa. Kisha Abaluhya wakautwaa mara mbili mfululizo.

Tarehe 17 Februari 1968 Luo Union na Luo Stars ziliunganishwa. Badala ya kuliita jina la kabila, waliounganisha walimfufua mzee wa Kanyamwa: Gor Mahia. Mwaka huo huo timu ikatwaa ubingwa. Mwaka wa pili yake ukawa wa misiba. Tom Mboya, aliyezikwa Kisiwa cha Rusinga, huko huko Homa Bay, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mwezi wa Oktoba watu wakapigwa risasi Kisumu, na chama cha Odinga cha KPU kikapigwa marufuku. Mtu aliyekosa pa kusema alikwenda uwanjani, akaita jina la Gor kwa sauti yake yote, na hapana askari aliyeweza kumkamata kwa kulitaja jina la marehemu.

Luo Union nayo ilirejea uwanjani, ikawa bingwa wa Kenya mwaka 1975, na wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977. Kisha ukaja mwaka 1980. Serikali ya Rais Moi iliamua kwamba vyama vya kikabila vivunjwe: GEMA, Luo Union, New Akamba Union, na hata Mijikenda Union ya hapa pwani. Timu zikaamriwa ziache majina ya makabila. Abaluhya wakabaki na herufi zao za AFC wakaongeza Leopards, na langoni mwao akasimama kijana wa Mombasa, Mahmoud Abbas. Luo Union ikajiita Reunion, na haikutwaa tena ubingwa wa nchi. Lakini jina la Gor Mahia halikufa. Sheria ilikataza jina la kabila, nalo lile lilikuwa jina la mtu.

Mwaka 1987 timu hiyo ilitoka sare ya 2-2 na Espérance huko Tunis, kisha 1-1 Nairobi, ikachukua kombe la washindi wa Afrika, lililopewa jina la Mandela, ambaye wakati huo alikuwa bado gerezani. Hapana timu nyingine ya Kenya iliyopata kushinda kombe la bara zima. Siku ile aliyeshangilia hakuulizwa kabila lake.

Serikali haikukosea kuogopa ukabila, kwani madhara yake tumeyaona kwa macho yetu. Lakini iliugusa ubao wa mlangoni ikauacha mlango. Jina la kabila humwambia jirani kwamba nyumba hii si yake. Jina la mtu humkaribisha aulize: alikuwa nani, na alifanya nini? Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee wetu, na asili ya Mkenya haianzii kwenye kitambulisho. Inaanzia kwa akina Gor bin Ogada wa Kanyamwa, kama inavyoanzia kwa masharifu na mashaha wa pwani hii. Taifa linalotaka wana wake wapendane liwafundishe kuyajua majina ya wazee wa wenzao, lisiwaamrishe kuyafuta ya wazee wao. Basi kijana wa Mombasa atakapoliimba jina lile tena, ajue kwamba anamwita mtu, na mtu huyo ni mzee wa nchi yake.