Maria Merian: Mchora vipepeo aliyeuza picha zake akafuata viwavi msituni

Mwaka 1699, akiwa na miaka 52 na ameshaachana na mumewe, Maria Sibylla Merian aliuza picha zake, akaandika wosia, kisha akapanda meli kwenda Suriname, Amerika Kusini.

Wazungu wengi walienda huko kutafuta utajiri wa sukari. Yeye alifuata viwavi.

Maria alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu tu. Mama akaolewa na mchoraji wa maua, Jacob Marrel, na huyo baba wa kambo ndiye aliyemfundisha kushika brashi.

Akiwa na miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri. Enzi hizo wengi waliamini wadudu huzuka tu kwenye matope na vitu vilivyooza. Binti huyo aliwalisha majani, akasubiri, akachora kila hatua: yai, kiwavi, pupa, hadi anayeruka.

Kitabu chake cha kwanza cha viwavi kilitoka 1679. Kila mdudu alichorwa juu ya mmea anaoula.

Siri ya ua

Suriname alienda na binti yake mdogo, Dorothea. Lilikuwa koloni la Waholanzi, na mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa kutoka Afrika. Watumwa hao hao ndio waliomfyekea njia msituni, na Maria naye aliwatumia.

Lakini pia aliwasikiliza. Chini ya picha ya ua moja zuri la rangi nyekundu na njano, aliandika kile alichoambiwa na wanawake watumwa: walitumia mbegu zake kutoa mimba, ili watoto wao wasizaliwe utumwani.

Aitwa mwongo

Mwaka 1701 ugonjwa ulimrudisha Amsterdam. Miaka minne baadaye akatoa kitabu chake kikubwa cha wadudu wa Suriname, chenye picha 60.

Picha moja ilimletea shida hata baada ya kifo. Inaonyesha buibui mkubwa akimla ndege mdogo kwenye tawi la mpera. Karne ya 19 baadhi ya wataalamu walisema ni uongo mtupu. Mwaka 1863 Mwingereza Henry Walter Bates akachapisha alichojionea mwenyewe Amazon: buibui akiwa amekamata ndege. Kumbe mama wa watu hakudanganya.

Maria alipata kiharusi mwaka 1715 na kufariki Januari 1717, Amsterdam.

Kabla ya kuja kwa yuro, Ujerumani iliweka sura yake kwenye noti ya marki 500. Ukiigeuza noti hiyo, unakutana na ua na kiwavi.