Herschel na Vioo Vyake
Watoto wa Kawajense huona nyota nyingi usiku wa kiangazi, bali sayari moja haikujulikana mpaka mwaka 1781. Aliyeigundua ni William Herschel, mzaliwa wa Hanover (1738), mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath, Uingereza. Darubini zake alizitengeneza mwenyewe. Nduguye wa kike, Caroline, alimlisha chakula mdomoni asije akaacha kusugua kioo.

Tarehe 13 Machi aliona nyota ngeni. Kioo chake cha kutazamia kilikuza mara 227. Je, akibadili? Kadiri kioo kikuzavyo, ndivyo mwanga ufifiavyo. Akatia cha 460, kisha cha 932. Nyota nyingine hazikukua kwa kadiri ya vioo, ile ikakua. Akadhani ni nyota yenye mkia, kumbe ni sayari, nayo huitwa Uranus. Herschel alifariki mwaka 1822.